Betatrofini: Jina Lililotangulia Ushahidi

Kosa kubwa katika kisa cha betatrofini halikuwa takwimu iliyokuja kuporomoka, kwa kuwa takwimu za maabara huporomoka kila mwaka bila mtu kuaibika. Kosa lilikuwa uamuzi wa kuipa protini jina la kazi ambayo ilikuwa bado haijathibitishwa kuwa ni yake, na kulitangaza jina hilo duniani kabla ya nusu ya pili ya ushahidi kupatikana. Uamuzi huo wa mwaka 2013, uliotoka katika maabara ya Douglas Melton ya Chuo Kikuu cha Harvard, ulikuwa mbaya tangu siku ulipofikiwa, na haukuhitaji kungoja miaka mitatu ili ubaya wake uonekane.

Hatua za mwanzo zilikuwa safi. Peng Yi na wenzake waliwapa panya S961, kemikali inayoziba kipokezi cha insulini, wakaona seli beta, yaani zile seli za visiwa vya Langerhans zinazotengeneza insulini ndani ya kongosho, zikigawanyika kwa wingi, kisha wakaitafuta jeni iliyoamka katika ini na katika mafuta ya mwili.

Ilipofika zamu ya kuipima jeni yenyewe, ndipo mambo yalipoharibika. Mbinu iliyotumika ilikuwa ile ya kumsukumia panya, kupitia mshipa wa mkia na kwa sekunde chache tu, maji mengi yaliyobeba DNA, ili ini lake liipokee jeni na kuanza kutengeneza protini kwa kiasi kisicho cha kawaida. Hesabu ikaonyesha kwamba mgawanyiko wa seli beta umepanda, kwa wastani, mara 17 kuliko katika panya wa ulinganisho. Jaribio la namna hiyo, la kuzidisha, huonyesha kile ambacho protini inaweza kusababisha ikifurika mwilini. Halionyeshi kama mwili unaitegemea kwa kazi hiyo, kwa sababu swali hilo hujibiwa na jaribio la kupunguza pekee, ambapo jeni huondolewa kabisa na mnyama akachunguzwa anapungukiwa na nini. Jaribio hilo halikungojwa. Jarida la Cell lilichapisha makala, protini ikaitwa betatrofini, yaani mlishaji wa seli beta, na umma ukaelezwa kwamba huenda siku moja mgonjwa wa kisukari akaachana na sindano za insulini za kila siku na kuchomwa sindano ya homoni hiyo mara moja kwa wiki au kwa mwezi.

Uamuzi huo unakera zaidi kwa sababu jeni hiyohiyo haikuwa ngeni. Mwaka 2012 watafiti wengine walikuwa wamekwisha kuieleza kwa majina ya lipasini na RIFL, wakiihusisha na mafuta ya damu, na dalili hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtafiti mwangalifu asite. Safu hii imekwisha kulalamika mara nyingi juu ya desturi ya kubatiza molekuli kwa kazi inayotarajiwa, kwa kuwa jina la namna hiyo humfunga msomaji, mhariri na mfadhili kabla hata jedwali la kwanza halijasomwa.

Oskar Minkowski hakufanya hivyo. Huko Strasbourg mwaka 1889, akiwa na Joseph von Mering, aliliondoa kongosho la mbwa na mbwa akapata kisukari. Wengi wangeishia hapo na kuanza kusherehekea. Yeye aliendelea, na katika majaribio yaliyofuata akapandikiza kipande cha kongosho chini ya ngozi ya mnyama, akaona kwamba kisukari hakikutokea hadi kipande hicho nacho kilipoondolewa. Kuondoa na kurudisha: kanuni hiyo ilitekelezwa bila jeni, bila kompyuta na bila wasemaji wa vyombo vya habari, nayo haijawahi kufutwa.

Lipo pia suala la kuhesabu, ambalo halichoshi kurudiwa. Visiwa vya Langerhans ni sehemu ndogo sana ya kongosho, vimetawanyika bila mpangilio sawa, na katika panya mzima seli beta zinazogawanyika kwa wakati mmoja ni chache mno. Kwa hiyo vipande vichache vya tishu vilivyochaguliwa vibaya, au panya wawili watatu wenye mwitikio usio wa kawaida, hutosha kuupandisha wastani wote. Dawa yake ni kuwa na panya wengi, kuhesabu kongosho zima, na kumficha anayehesabu asijue kipande kimetoka katika kundi gani.

Majibu hayakuchelewa. Mwaka huohuo wa 2013, kundi la Helen Hobbs na Jonathan Cohen huko Dallas lilionyesha kwamba panya wasio na jeni hiyo wana trigliseridi chache, yaani mafuta ya damu yamepungua, lakini sukari yao inadhibitiwa kama kawaida. Mwaka 2014 Viktoria Gusarova, Jesper Gromada na wenzao wa kampuni ya Regeneron hawakuona badiliko la seli beta, si kwa kuiondoa jeni wala kwa kuizidisha. Maabara ya Harvard yenyewe, iliporudia, ilipata athari ndogo zaidi na yenye kutofautiana sana. Mwaka 2016 ilishirikiana na Jake Kushner, aliyekuwa miongoni mwa wenye shaka, katika jaribio la kuhesabu bila kujua makundi, na Desemba ya mwaka huo waandishi wakaiondoa makala yao. Hilo lilikuwa jambo la heshima.

Wako watakaosema yaliyopita si ndwele. Hata hivyo, maabara hiyohiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2004, kwa mkono wa Yuval Dor, ushahidi kwamba seli beta za panya mzima hutokana hasa na seli beta zilizotangulia, kazi iliyopangwa kwa uangalifu unaostahili kufundishwa; kwa hiyo ujuzi haukukosekana, subira ndiyo iliyokosekana. Leo protini hiyo inatafitiwa kwa jina la ANGPTL8, kwa sababu ya trigliseridi. Wahariri wa majarida wanapaswa kukataa jina lolote la kazi hadi mwandishi alete nusu zote mbili, ya kuzidisha na ya kuondoa.