Kizuizi Kinachojua Majina Tu

Anayetaka kuyafukuza matangazo kwenye simu zote za nyumba hana haja ya kugusa hata simu moja. Atafute mahali pa kukaa kwenye njia ambayo maswali ya simu hizo hupitia kabla ukurasa haujafunguka.

Simu haijui gazeti limehifadhiwa kwenye kompyuta gani, inajua jina. Tangu Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa DNS mwaka 1983, jina la tovuti hutafutiwa anwani ya namba kwa kuuliza seva ya kazi hiyo, na ruta ya nyumbani kwa kawaida hupeleka swali kwa kampuni inayouza intaneti. Ukifungua habari moja, simu huuliza jina la gazeti, kisha huuliza majina mengine chungu nzima ambayo wewe hukuyaita: ya wanaouza matangazo, ya wanaohesabu wasomaji, ya wanaokufuatilia uendako. Moja la zamani ni doubleclick.net. Google ilikubali mwaka 2007 kuinunua kampuni yenye jina hilo kwa dola bilioni 3.1. Pi-hole, programu ya bure iliyoanzishwa na Jacob Salmela wa Marekani, hukaa katikati ya maswali hayo. Jina likiwa kwenye orodha yake ya yaliyokatazwa, inajibu 0.0.0.0, anwani isiyofika popote. Simu inaishia hapo, na hakuna kitu kinachopakuliwa.

Kwa hiyo kizuizi hiki hakioni tangazo hata siku moja. Hakioni picha wala video. Kinaona jina, kinaliangalia kwenye orodha, basi. Uzuri wake wote na upungufu wake wote unatoka hapo.

Upande huu wa Mlima Kenya, kuokoa data si anasa ya wapenda mitambo. Februari 2013, Microsoft, wizara ya mawasiliano na Indigo Telecom walizindua mradi wa Mawingu karibu na Nanyuki, wakatumia masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi na nguvu za jua kufikisha intaneti mahali kama shule ya sekondari ya Gakawa na zahanati ya Burguret, zote jirani zetu hapa Kieni Mashariki. Leo wapo wanaolipa kwa mwezi na wapo wanaonunua bando ya siku. Huyu wa bando analipia tangazo la video sawasawa na anavyolipia somo la mtoto.

Nyumba niliyoiwekea Pi-hole iko nje kidogo ya mji wa Naro Moru, kando ya barabara inayopanda kwenda lango la mlima. Ina familia, televisheni, na vyumba vya kupangishia wapanda mlima. Mama mwenye nyumba alikuwa na ombi moja: matangazo ya kamari yaondoke kwenye mchezo wa kijana wake.

Watu wengi wangekimbilia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani. Inakula umeme kidogo sana, na Pi-hole huingia bila tabu. Mimi nilichagua laptopu kuukuu iliyokuwa imelala kabatini, na sababu ni stima. Pi nyingi huendeshwa kwa kadi ya kumbukumbu, na kadi hizo haziupendi umeme unaokatika ghafla. Data huharibika katikati ya kuandikwa. Halafu kuna la saa. Miundo ya Pi iliyotangulia ya 5 haina saa yake, na hiyo ya 5 betri ya saa unainunua kando. Umeme ukipotea kwa siku kadhaa, kompyuta inaamka ikiamini bado ni siku ile. Ukiwa umewasha DNSSEC, ukaguzi wa saini za majibu, saini za leo inaziona kama hazijaanza kutumika na inazikataa. Ili kurekebisha saa inahitaji kuuliza seva ya saa kwa jina, na jina hilo nalo linakataliwa kwa sababu ileile. Nyumba nzima inabaki bila intaneti huku taa zote za ruta zikiwaka kijani. Unaweza kutoka hapo kwa kuipa seva ya saa kwa namba badala ya jina, lakini laptopu ina saa yake, na betri yake, hata iliyochoka, huipa nafasi ya kuvuka zile dakika za stima kucheza.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye ruta. Laptopu ilipewa anwani isiyobadilika, kisha DHCP, huduma inayogawa anwani kwa simu zinapojiunga, ikaambiwa itaje laptopu hiyo kuwa ndiyo ya kuulizwa majina. Hapa ndipo wengi huongeza namba ya pili, 8.8.8.8 ya Google, wakidhani ni akiba ya siku laptopu ikizima. Vifaa haviichukulii hivyo. Vingi huuliza yoyote kati ya hizo mbili, na matangazo yanarudi nusunusu, leo yapo, kesho hayapo. Namba iwe moja. Ruta za 4G zinazotolewa na kampuni za simu mara nyingi hazikuruhusu kubadilisha kipengele hicho kabisa. Ya nyumba hii ilikuwa ya namna hiyo. Nikaizima DHCP yake na kuiwasha ya Pi-hole. Bado baadhi ya simu zilipita, kwa kuwa ruta ilikuwa inajitangaza yenyewe kuwa ndiyo ya kuulizwa majina, kwa njia ya IPv6, mfumo mpya wa anwani. IPv6 ya ndani ilipozimwa, zikanyooka.

Kurasa za magazeti zikawa nyepesi mara moja. Mchezo wa kijana ukanyamaza, kwani michezo kama huo huchota matangazo kwenye seva za kampuni nyingine zenye majina yao. Akaja na malalamiko: mchezo humpa sarafu kwa kutazama tangazo, na sasa tangazo haliji, sarafu haziji. Mama hakuona shida hapo.

Baba alitazamia YouTube isafike. Haikusafika. Matangazo ya YouTube hutoka kwenye majina yaleyale yanayoleta video. Ukilizuia jina, video nayo inakwenda. Facebook na TikTok ni vivyo hivyo. Anayekuahidi kuondoa matangazo ya YouTube kwa DNS hajaelewa anachokifunga. Nyumba ambayo muda wake karibu wote unaishia kwenye programu hizo tatu isijisumbue na kazi hii.

Kwa kamari tuliongeza orodha ya Steven Black yenye nyongeza ya michezo ya kubahatisha, inayozuia hata tovuti zenyewe. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini ilisimamisha matangazo ya michezo hiyo kwa siku 30. Orodha hii haina tarehe ya mwisho. Lakini mpaka wake ni ukuta wa nyumba. Kijana akizima waifai na kutumia bando yake, au akicheza kwa ujumbe mfupi, Pi-hole haina habari. Nilimweleza mama hivyo waziwazi, maana orodha inayoaminiwa kupita uwezo wake ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Televisheni ilikuwa mkaidi kwa namna yake, kwani iliuliza 8.8.8.8 moja kwa moja bila kujali ilichopewa. Dawa yake ni ruta inayoweza kunasa kila swali la mlango wa 53, ule wa DNS, na kuligeuzia kwa Pi-hole. Ya kampuni ya simu haiwezi, ya MikroTik inaweza. Televisheni tuliiacha ilivyo.

Lililonichukua muda wa kufikiri ni kumbukumbu. Pi-hole huandika kila jina lililoulizwa, saa ngapi, na kifaa gani. Baba angeweza kusoma usiku wa kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziacha nje shughuli za kibinafsi na za nyumbani, ila mgeni aliyelipia chumba baada ya kushuka kambi ya Met Station mlimani sioni jinsi ya kumwita shughuli ya nyumbani. Basi wageni walifunguliwa mtandao wao wa kando kwenye ruta ya pili, unaouliza majina yake bila kupitia laptopu, na matangazo yao wabaki nayo. Kwa familia, kiwango cha faragha kilipandishwa hadi cha juu kabisa, ambapo Pi-hole inahesabu maswali bila kuonyesha majina wala aliyeuliza. Baba aliuliza kama kinaweza kurudishwa chini. Kinaweza, kwa nenosiri la ukurasa wa usimamizi, na nenosiri hilo analo mama.