Pazia, Bega na Mikono

Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifundishwa useremala kabla ya kushika kamera. Mwaka 1935 alipewa Kodak ndogo iliyotoka Senegal, akaanza kupiga picha jamaa zake. Kufikia 1948 alikuwa na studio yake mtaa wa Bamako-Koura, na watu walikuja wamevaa nguo za sikukuu.

Mteja alianza kwa kutazama picha zilizobandikwa ukutani, achague mkao unaomvutia. Asiye na suti aliazimwa. Saa, redio, kalamu na maua ya plastiki vilikuwepo, na aliyetaka kupigwa kwenye gari alipata gari la Keïta mwenyewe. Kisha wakatoka kwenda uani, kwa sababu Keïta aliupenda mwanga wa jua kuliko wa taa.

Hapo pazia lilikuwa limeshatundikwa. La kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake lenye matamvua, na baadaye yakaja ya maua, ya majani, na mwishowe ya kijivu.

Kamera yake ilikuwa ya sanduku, juu ya stendi ya miguu mitatu, ikitumia filamu bapa za sentimita 13 kwa 18. Filamu zilikuwa ghali, na kwa kawaida kila picha ilipigwa mara moja tu. Kwa hiyo mpangilio wote ulimalizwa kwa mikono na macho kabla ya kufyatua. Mtu akikaa ameielekea lenzi moja kwa moja, mabega hukakamaa. Keïta alipenda kuligeuza bega moja nyuma kidogo, kisha kichwa kirudi kuielekea kamera, na mwili mzima ukapata mstari wa mshazari unaoliongoza jicho hadi usoni. Halafu mikono, ambayo humsumbua kila anayepigwa picha: mmoja ulazwe pajani, vidole vitengane kiasi, bangili ionekane yote.

Kwenye kamera ya aina hiyo, mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi na kutazama kioo cha nyuma, ambako mtu huonekana kichwa chini miguu juu. Naamini hilo lilimsaidia. Sura ikipinduka, jicho huacha kumtambua fulani, likaanza kuona weusi ulipolemea na weupe ulipobaki wazi.

Itazame ile picha mashuhuri ya mwanamke aliyejilaza kwa kiwiko. Tandiko lina mirabaraba, gauni lina nakshi, pazia la nyuma lina nakshi nyingine kabisa. Wapigapicha hufundishwa kumtenga mhusika na kilicho nyuma yake, wala si mafunzo mabaya. Keïta alifanya kinyume chake akafanikiwa, kwa kuwa kila nakshi ina ukubwa wake: miraba ya tandiko haigombani na mapindo ya pazia. Katikati ya msongamano huo, sehemu tulivu ni ngozi tu, yaani uso, shingo na mikono. Jicho huzunguka kwenye vitambaa, halafu hurudi kwake lenyewe. Sijui picha nyingine inayofundisha kazi ya nafasi tupu kwa kutumia nafasi ndogo hivyo.

Kilichobaki kilikuwa cha chumba cha giza. Filamu ilisafishwa, ikalazwa moja kwa moja juu ya karatasi, na picha ikatoka kwa ukubwa uleule wa filamu. Hivyo kila uzi wa shuka ulionekana, na kila kunjo la kilemba.

Negativu alizitunza. Studio ilifungwa alipochukuliwa kuwa mpigapicha wa serikali miaka ya 1960, na mwaka 1994 picha zake zikaonyeshwa Paris, kwenye Fondation Cartier. Nyingi hazikuwa na tarehe. Alizipanga kwa kuangalia pazia, maana alilibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu: zenye matamvua ni za mwanzo, za kijivu ni za mwisho.