Mshono wa Kwapa

Fundi wetu wa Bungoma hapimi mtu aliyesimama. Ukimpelekea picha ya vazi unalolitaka, huilaza kifudifudi juu ya meza ya cherehani, kisha anakuambia, "Nenda hadi kwa yule muuza viazi, urudi." Ukirudi anakutuma tena, mikono juu, kama aliyejitwisha mtungi. Wapita njia wanacheka. Muuza viazi keshazoea. Mara ya tatu ndipo anashika tepu, na mwisho kabisa ndipo anaigeuza picha, anaitazama kidogo, anaguna.

Mara ya kwanza niliudhika. Nilikuwa na haraka, na nilichotaka ni joho jeusi la Akatsuki lenye mawingu mekundu, lile la kwenye katuni ya Naruto, liwe tayari kufikia Ijumaa. "Mayi," nikamwambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita, mama kwa Lubukusu, "ni joho tu." Akanijibu bila kuinua macho kwamba joho likiwa kwenye msumari halina kazi, kazi yake huanza mtu akigeuka. Siku nilipolivaa, niligeuka, na upindo ukachelewa kidogo kabla ya kunifuata, kama mawimbi yanavyoufuata mtumbwi. Alikuwa ametia kamba nzito ndani ya upindo, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Nikajikuta natembea taratibu, kifua mbele. Sikuwa nimeamua kutembea hivyo. Joho ndilo lililoamua.

Tangu siku hiyo nina hoja moja ambayo marafiki zangu wamechoka kuisikia: fundi wa mavazi ya wahusika hashoni nguo, anashona mwendo. Rangi, nembo, upanga wa mbao, hayo yote mtu yeyote mwenye subira na gundi anaweza kuyaiga kutoka kwenye picha. Mwendo haumo kwenye picha. Ndiyo maana Mayi huilaza kifudifudi.

Mchezo wenyewe, wa kuvaa na kujifanya mhusika, vijana tunauita kosplei. Neno hilo lilizaliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, mikononi mwa Nobuyuki Takahashi, aliyechukua maneno mawili ya Kiingereza, la vazi na la kuigiza, akayakata ncha, akayaunga. Kazi ya mkasi, kwa hiyo, tangu jina. Lakini mchezo ni mkongwe kuliko neno. Mwaka 1939, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi jijini New York, Forrest Ackerman alitokea amevaa kama mtu wa karne zijazo, joho likining'inia mabegani, na historia ikamkumbuka. Aliyelishona vazi lile ni Myrtle Douglas, ambaye naye alikuwapo mkutanoni na vazi lake alilojishonea. Kwa miaka mingi masimulizi yalianza na mwanamume, yakaishia na mwanamume, na mshonaji akatajwa kwa pembeni, ikiwa alitajwa. Kila nikiisoma habari hiyo namwona Mayi ameinama, miwani puani, pini nne mdomoni.

Agosti ya 2024 tulikwenda Kitale kwa siku tatu kupiga picha za kosplei, watu wanne: walimu wawili, fundi umeme mmoja na mwanafunzi wa uuguzi. Watu hutucheka kwamba likizo ya mjini ni Nairobi au Mombasa, nani huenda Kitale kutembea? Sisi. Kule kuna baridi ya kutosha kumvumilia mtu aliyevaa matabaka matatu, jambo ambalo Mombasa haliwezekani bila kuzirai, na mtu wa Bungoma hafikirii mara mbili kuhusu nauli. Unapitia Chwele na Kimilili, unaingia barabara kuu pale Kamukuywa, na baada ya Kiminini umefika, mahindi yakiwa yamesimama kila upande.

Mavazi yaliyokuwa ndani ya magunia yetu ni manne, lakini nitasema matatu, kwa sababu joho langu nimeshalisimulia.

La fundi umeme lilikuwa la Mango. Kwa asiyemjua: wazee wa Kibukusu husimulia kwamba Mango ndiye aliyeliua joka la Mwiala, na kwamba tohara ya Babukusu inahesabiwa kuanzia ushujaa huo. Rafiki yetu alitaka atokee baada ya vita, ngozi ya joka begani. Mayi aliitisha tyubu za baiskeli zilizochoka, akazikata magamba ya ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, mamia, na akaanza kuyashona kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayeezeka mabati, ili kila safu ifunike mshono wa safu iliyotangulia. Ukipitisha kiganja kuelekea chini, laini. Ukikirudisha juu, yanakukwaruza. Na kwa kuwa mpira ni mzito, na uzito wote ungemwangusha bega la kushoto akaonekana mgonjwa badala ya shujaa, alipitisha mkanda wa ndani chini ya kwapa la kulia, ukafungwa mgongoni. Mzigo ukagawanyika. Mwenye vazi akasimama wima bila kujua kwa nini.

Hapo kwenye vazi la Mango ndipo tulipokosana na fundi kwa mara ya kwanza. Rafiki yangu alitaka avae na chinyimba, zile njuga ambazo mtoto wa Kibukusu huzipiga akizunguka kuwaalika jamaa katika mwaka wake wa tohara. Ilikuwa mwaka wa shufwa, ndio msimu wenyewe, barabara zote za Bungoma zilikuwa zinalia njuga. Mayi aliweka mkasi chini. "Hizo si pambo," akasema. "Anayezipiga anatangaza kwamba alfajiri fulani atasimama mbele ya ukoo mzima, ana matope mwilini, na hatapepesa jicho. Wewe alfajiri hiyo utakuwa unatafuta mwanga mzuri." Tukacheka, yeye hakucheka. Nadhani alikuwa na haki. Ipo mipaka ambayo anayeshona anaiona mapema kuliko anayevaa, kwa sababu Desemba ikifika, wale watahiriwa wakitoka rasmi katika khukhwalukha, ni yeye anayewashonea nguo mpya za kutokea. Yeye anajua vazi la mtu anayejifanya na vazi la mtu aliyegeuka kweli, na hayachanganyi kwenye meza moja.

Kuna methali kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na nimeisikia ikirushwa kwetu mara nyingi. Lakini mtazame huyohuyo mtoto wa njuga: shanga alizovaa kifuani ameazima kwa dada na shangazi, na kila uzi ni mtu anayemsindikiza. Basi si kila cha kuazima ni aibu.

Vazi la pili lilikuwa la mwalimu wa Kiswahili, naye alitaka kuwa mmoja wa Dora Milaje, walinzi wa kike wa Wakanda. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, upande huu wa nchi tuliichukulia kama yetu; Kisumu ilifanyiwa onyesho la uzinduzi, kwa heshima ya Lupita Nyong'o. Ruth Carter, aliyebuni mavazi ya filamu hiyo, alishinda tuzo ya Oscar mwaka 2019, na wekundu wa walinzi wale hauhitaji kuelezwa kwa Mkenya aliyewahi kukutana na Mmaasai. Kinga za mikono na shingo tulizitengeneza kwa mikeka ya sponji ngumu ile ya kuchezea watoto. Sponji hiyo ina tabia zake. Ukiipasha juu ya jiko la makaa, mbali kidogo, inalegea na ngozi yake inajifunga. Ikunje juu ya goti lako, ishike hadi ipoe, nayo itabaki na umbo la goti. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, kisha unangoja. Huu ungojaji ndio unaowashinda wengi. Ukiunganisha ikiwa mbichi, inateleza. Ukingoja hadi isishike kidole, kisha ukakutanisha pande mbili, zimeoana hapohapo na hakuna talaka. Mwalimu wetu aliunganisha kinga moja kombo, na kombo ikabaki. Rangi ya dhahabu haikuificha, iliitangaza.

Mwanafunzi wa uuguzi hakutaka mhusika wa mtu. Alimbuni wake: Malkia wa Nondo. Kiswahili kimempa yule mdudu wa usiku na kile chuma cha ujenzi jina moja, na yeye alitaka vyote viwili, bawa la vumbi lenye mifupa ya chuma. Mifupa ilitoka kwenye miavuli miwili iliyovunjika. Ngozi ya bawa ni chandarua kilichochovywa kwenye chai ya rangi mpaka kikawa na rangi ya jani kavu. Fundi umeme aliunganisha nyaya. Lakini namna ya kuyabeba mabawa mgongoni bila kamba kuonekana kifuani, hiyo ilikuwa siri ya Mayi: alishona bodisi ya bitana nene, akaizungushia mifuko myembamba ya kuingizia chuma, na juu yake gauni jepesi lisilojua lolote. Cherehani yake ni ya Butterfly, ina kipepeo cha dhahabu kilichofifia ubavuni. Alikigusa kwa kidole siku ile alipomaliza, akasema hatimaye amemshonea jamaa yake.

Kwenye matatu kondakta alidai nauli ya mabawa. Tukalipa nusu. Karibu na Kimilili gari lilipunguza mwendo, kundi la watahiriwa lilikuwa linavuka na wapambe wao, njuga zikipigwa kwa mkupuo mmoja hadi vioo vikatetema. Rafiki yetu, ambaye alikuwa ameyavaa magamba ili yasikunjike guniani, alivuta sweta akajifunika bega. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kitale tulipigia picha kwenye uwanja wa makumbusho, baada ya kulipa kiingilio na kuomba ruhusa. Makumbusho yale yana asili inayotufaa watu wa mikusanyo: Hugh Stoneham, mwanajeshi mlowezi, aliyaanzisha mwaka 1926 kama hazina yake binafsi ya vipepeo, ndege, vitabu na vitu vya watu wa eneo hili, mwaka uleule reli ilipofika mjini. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mali hiyo, na jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Nilifikiria sana kuhusu mtu aliyetumia miaka arobaini kuwachoma vipepeo pini watulie. Sisi tulikuwa tunahangaika na kinyume chake, chuma na chandarua vipate kupepea.

Kupiga picha nako ni ufundi, na katika nchi hii una ukoo. N. V. Parekh aliwapamba Wamombasa mbele ya kamera yake kwa miongo kadhaa; Omar Said Bakor wa Lamu aliwakata watu kwa mkasi akawabandika ndani ya picha nyingine; na miaka ya 1990, pale kivukoni Likoni, wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa, ukasimama mbele ya meli au ndege usiyowahi kuipanda. Anayeniambia kosplei ni ya wageni namtuma kwa nyanya yake atazame albamu. Yule bwana aliyevaa koti la studio, simu isiyo na waya sikioni, alikuwa anafanya nini?

Jua la Kitale, kwa kuwa ikweta iko jirani, saa sita liko utosini, nalo hujaza macho ya mtu kivuli akaonekana fuvu. Kwa hiyo tulianza saa moja asubuhi, tukapumzika, tukangoja saa kumi. Mvua ya Agosti haikungoja nasi. Katikati tulipata robo saa ya mawingu meupe, mwanga laini kama uliochujwa, na nikafungua gunia jeupe la mahindi chini ya uso wa Malkia ili mwanga umrudie. Akainua mikono. Upepo ukaingia chini ya chandarua, chuma cha mwavuli kikaitika, na kwa sekunde mbili tatu yule msichana ninayemjua tangu darasa la nne hakuwapo. Mkulima aliyekuwa anapita nje ya ua aliinamisha baiskeli, akavua kofia. Sijui alimsalimia nani.

Picha hiyo ndiyo niliyompelekea Mayi Jumatatu. Niliiacha simu mkononi mwake nikangoja asifu mwanga, au mkulima, ambaye anaonekana kidogo nyuma ya michongoma. Aliitazama picha nzima kwa muda mfupi. Kisha akaweka vidole viwili kwenye kioo, akapanua, akasogeza, akapanua tena, akaupita uso, akayapita mabawa, mpaka kioo chote kikawa kwapa la kushoto. Palikuwa na mkunjo mmoja, mwembamba kama uzi.

"Aliinua mikono juu kuliko alivyoinua hapa," akasema. "Mwambie aniletee."