Ukurasa Usisubiri Kuagwa

Mtu anajaza fomu ndefu kwenye simu. Akifika katikati anaombwa namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa meseji. Anaenda kuisoma, anarudi, anaikuta fomu tupu. Simu yenye kumbukumbu ndogo imeufuta ukurasa ili kuipisha programu nyingine. Huenda aliyeitengeneza fomu aliandika msimbo wa kuhifadhi majibu pale mtumiaji anapoondoka, na huenda msimbo wenyewe hauna kasoro. Ila haukuitwa.

Kiini cha tatizo ni tukio ambalo msimbo wa namna hiyo hulisubiri. `unload` ni tukio la enzi za kompyuta ya mezani, wakati kuondoka kulimaanisha kufunga dirisha au kubofya kiungo. Kwenye simu watu hawafungi. Wanapokea simu, wanahamia WhatsApp, kisha baadaye wanatelezesha kidole na kuziondoa programu zote kwa mpigo. Mfumo wa simu ukikizima kivinjari kilicho nyuma ya pazia, hauupi ukurasa nafasi ya kusema lolote.

Hata pale tukio hilo lilipofika, wengi walilitumia vibaya. Walituma data kwa ombi la kusubiri jibu: kivinjari kinaganda hadi seva ijibu, ndipo ukurasa unaofuata uanze kufunguka. Mtandao ukiwa mzito, mtumiaji anaulaumu ukurasa anaokwenda, kumbe unaomchelewesha ni ule anaotoka. Chrome ilipiga marufuku mtindo huo katika toleo la 80, mwaka 2020.

Njia mbadala ilikuwa tayari ipo. `sendBeacon` iliingia Chrome na Firefox mwaka 2014, Safari ikafuata 2018. Ukurasa unakikabidhi kivinjari data, nacho kinaituma chenyewe hata ukurasa ukishafungwa. Masharti yake ni machache: ombi huwa la POST, data isizidi kilobaiti 64, na jibu la seva halisomwi. Ikirudisha `true`, maana yake kivinjari kimepokea mzigo. Si uthibitisho kwamba seva imeupata.

Kuna pia `beforeunload`, lile linalomuuliza mtu kama kweli anataka kuondoka. Matapeli walilitumia kuandika vitisho vyao ndani ya kidirisha, ndipo Firefox 4 (2011) na Chrome 51 (2016) zikaacha kuonyesha maneno ya mwenye tovuti. Siku hizi kivinjari huuliza kwa maneno yake, tena kama mtumiaji ameshagusa ukurasa. Lisikilize pale tu penye kazi ambayo haijahifadhiwa, na uache mara inapohifadhiwa.

Hasara nyingine ya `unload` haionekani kirahisi. Tangu Firefox 1.5, mwaka 2005, vivinjari vimekuwa vikihifadhi ukurasa mzima kwenye kumbukumbu ili kitufe cha kurudi nyuma kiufungue papo hapo. Chrome ya kompyuta ilifika hapo 2021. Kwenye kompyuta, Chrome na Firefox huunyima nafasi hiyo ukurasa unaosikiliza `unload`. Hati moja ya kuhesabu wageni, uliyoichukua kwa watu wengine, yatosha kuichelewesha tovuti nzima. Tukio la kushika nafasi yake ni `pagehide`.

Lakini kwa simu, la kutegemea ni `visibilitychange` (`majibu()` hapa ni msimbo wako wa kukusanya yaliyojazwa):

```
document.addEventListener("visibilitychange", () => {
  if (document.visibilityState === "hidden") {
    navigator.sendBeacon("/rasimu", majibu());
  }
});
```

Hapa hatuulizi kama mtu ameondoka moja kwa moja. Tunauliza kama bado anautazama ukurasa. Akiugeuzia kisogo tu, tunahifadhi, maana huenda asirudi. Gharama yake ni kwamba tukio hili hujirudia kila anapotoka na kuingia. Kwa hiyo ipe kila rasimu kitambulisho chake, seva ipokee nakala mpya juu ya ile ya zamani badala ya kurundika kumi.

Betri ikizimika ghafla, hakuna tukio litakalofika. Ndiyo maana majibu yahifadhiwe pia kwenye `localStorage` mtu anapoendelea kuandika, kila anapotulia kidogo. Tahadhari moja: kwenye kompyuta ya intaneti kafe, rasimu yenye namba ya kitambulisho itamsubiri mteja anayefuata. Taarifa za siri zisibaki humo, na rasimu ifutwe fomu ikishatumwa.

Kabla ya kuitoa kazi, ijaribu kwa simu ya bei nafuu. Jaza nusu ya fomu, nenda kwenye meseji, kiondoe kivinjari kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, kisha ufungue ukurasa upya. Majibu yasipokuwepo, fomu haijakamilika, hata kama kwenye kompyuta ya ofisini ilifanya kazi bila tatizo.