Rangi Zilizojificha Ndani ya Kijivu

Februari 1886 moto uliteketeza studio ya picha ya Adolfo Farsari mjini Yokohama, pamoja na negativu zake zote. Mwitaliano huyo hakufunga kazi. Alizunguka Japani miezi 5 akipiga picha upya, kisha akazipeleka kwa mafundi waliompatia sifa, yaani watu wa kutia picha rangi kwa brashi. Kila fundi alikamilisha picha 2 au 3 tu kwa siku.

Na ungetaka afanye ngapi? Picha zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai. Rangi ya maji ilipakwa nyepesi, ikakauka, ikapakwa tena, ili vivuli vilivyonaswa na kamera viendelee kuonekana chini yake. Rangi ikizidi, uso unageuka kinyago. Ikipungua, shavu linabaki la maiti. Mpiga picha Kusakabe Kimbei alianzia kwenye brashi hiyo, akitia rangi picha za wapiga picha wenzake Felice Beato na Raimund von Stillfried, hadi alipofungua studio yake mwenyewe mwaka 1881.

Wapo wanaouona ufundi huu kuwa urembo tu, kama hina mkononi. Wanaudhulumu. Bamba la kioo la zama zile lilinasa buluu upesi na wekundu halikuuona kabisa: anga la buluu likatoka jeupe, kitambaa chekundu kikatoka cheusi. Kijivu kile kinadanganya, na anayetia rangi hana budi kujua. Fundi wa Yokohama aliweza kutoka mlangoni akazitazama kimono zikipita barabarani.

Leo brashi imehamia kwenye kompyuta. Ngozi hupewa tabaka lake, nguo lake, mbao lake, na picha ya asili hubaki chini bila kuguswa. Mwaka 2016 Richard Zhang na wenzake walitoa mfumo uliofunzwa kwa picha zaidi ya milioni 1, unaotia rangi wenyewe kwa kasi ya ajabu. Ila unabashiri. Unajua nguo za namna ile huwa na rangi gani. Nguo ile yenyewe haujawahi kuulizia.

Marina Amaral wa Brazili huulizia. Alitia rangi, kwa kompyuta, picha ya Czesława Kwoka, binti wa Kipolandi aliyeuawa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1943 akiwa na miaka 14. Aliyempiga picha, Wilhelm Brasse, naye alikuwa mfungwa, na baada ya vita alisimulia kwamba binti huyo alikuwa ametoka kupigwa na mnyapara wa kike, akajifuta machozi na damu ndipo akaitazama kamera. Katika picha ya awali jeraha la mdomoni ni doa jeusi ambalo jicho hulipita. Amaral alilirudishia wekundu wake, kidogo tu, pale pale lilipokuwa.