Catherine Kasavuli na Sanaa ya Kusoma Habari

Tunapomzungumzia mwanamke aliyetangulia katika kazi fulani, mara nyingi tunatosheka kusema kwamba alikuwa wa kwanza, tukaishia hapo. Mhakiki hana budi kuuliza zaidi: alipofika, alifanya nini? Swali hilo ndilo tunaloliweka mbele ya kazi ya Catherine Kasavuli wa Kenya.

Kasavuli alizaliwa mwaka 1962, akaingia Sauti ya Kenya mwaka 1980, akatangaza redioni. Mwaka 1990, stesheni ya televisheni ya KTN ilipoanzishwa mjini Nairobi, alikuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kusoma taarifa ya habari moja kwa moja hewani. Usomaji wa namna hiyo una fani yake. Neno likishatoka halifutiki. Yampasa msomaji apime pumzi, kituo na mkazo, na autawale uso wake hata habari iwe ya msiba. Fani ya Kasavuli ilikuwa utulivu: hakuipamba habari, wala hakujiweka mbele yake. Anayemsifu kwa sura tu humpunja, kwani aliyemlea ni redio, na redio haionyeshi sura.

Hata hivyo, lipo la kuhakikiwa. Sifa yake aliipata kwa Kiingereza. Katika stesheni kubwa za Kenya ilikuwa desturi taarifa ya saa moja usiku isomwe kwa Kiswahili, na ile ya saa tatu, iliyopewa uzito zaidi, kwa Kiingereza. Lawama si yake, ni ya desturi hiyo. Sisi wa Tanzania Bara televisheni tuliipata mwaka 1994 tu. Lakini redioni, kwa sauti za watangazaji kama Edda Sanga, mkulima wa Mzenga, Kisarawe, aliweza kuisikia habari kwa lugha ileile aliyoisikia mkubwa wa Dar es Salaam. Huo ni urithi usiofaa kupuuzwa.

Mwaka 2021 Kasavuli alirudi kusoma habari katika KBC, shirika lililoirithi Sauti ya Kenya, akathibitisha kwamba ustadi hauzeeki pamoja na uso. Alifariki tarehe 29 Desemba, 2022.

Basi mwalimu anapomsimamisha mwanafunzi asome kwa sauti darasani, asidhani anapoteza wakati. Anafundisha sanaa. Na tuuchukue utulivu wa Kasavuli, tuutie katika Kiswahili chetu.