Amandina Lihamba na Haki ya Jukwaa

Desturi ya uhakiki wetu ni kumpima mtunzi kwa vitabu alivyopiga chapa. Kipimo hiki chamfaa mshairi na mwandishi wa riwaya, lakini humpunja mtu wa jukwaa. Amandina Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, mwigizaji, mwongozaji, mtunzi na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mfano wa kutosha. Akihesabiwa kwa rafu ya vitabu, ataonekana mtunzi wa michezo michache. Akihesabiwa kwa jukwaa, ni miongoni mwa walioufundisha mchezo wa Kiswahili kusema na watu wake.

Tuutazame mchezo wa Hawala ya Fedha, uliochapishwa mwaka 1980. Asili yake ni kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal. Mzee mmoja aletewa hawala na mpwa wake aliyeko Paris. Posta yadai kitambulisho. Kitambulisho chadai cheti cha kuzaliwa na picha. Na kila mlango una mtu wa kumla. Mwishowe fedha yaishia mikononi mwa mjanja, na mzee abaki na madeni.

Pengine atatokea wa kusema kwamba kukigeuza kisa cha mwingine kuwa mchezo ni kazi ya daraja la pili. Hoja hiyo haina uzito. Msomaji wa kisa aambiwa kwamba mzee alingoja. Mtazamaji hungoja pamoja naye. Kukipa kungoja huko kipimo chake, ili kichekeshe kwanza na kuumiza baadaye, ni kazi ya mwongozaji, na Lihamba aliandika kwa jicho la mwongozaji.

Kisa hicho hakihitaji mkalimani Kariakoo. Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo alijua maana ya "njoo kesho" kabla hajaona jukwaa. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu, wala si lazima kwenda Posta. Lakini raia hasajiliwi laini ya simu bila kitambulisho cha taifa. Mlango umebadilika, bawabu ni yule yule.

Mwaka 1982 ilichapishwa Harakati za Ukombozi, aliyoitunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Humo ngoma na nyimbo hubeba hoja sawasawa na maneno. Asomaye maneno peke yake amesoma nusu. Wala Lihamba hakuifanya kazi hii kwa kubahatisha: tasnifu yake ya udaktari, aliyoikamilisha Leeds mwaka 1985, ilihusu siasa na maonyesho nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Lihamba aliigiza humo Samehe, mgonjwa aliyefunga kinywa kwa miaka mingi. Mtunzi wa maneno amepewa nafasi ya kimya! Mhakiki anayengoja maneno ya kunukuu atatoka mikono mitupu, hali mbele yake uso na mabega vyasimulia yote.

Hata hivyo, sifa isitufumbe macho. Chuo Kikuu kipo kama kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, na umbali huo si wa barabara tu. Mchezo unaomhusu mtu anayezungushwa maofisini ukikaa Mlimani, husomwa na watakaokaa maofisini humo kesho. Hilo lina faida yake, lakini mwenye kisa amekoseshwa haki yake.

Basi yatupasa mambo mawili. Kwanza, tukusanye picha, maandishi ya mazoezi na kumbukumbu za waigizaji kabla hazijapotea, kwa maana kitabu husubiri lakini onyesho halisubiri. Pili, Hawala ya Fedha ichezwe Mnazi Mmoja, karibu na soko, mbele ya wanaoijua foleni. Hukumu yao ndiyo itakayotimiza yetu.